Rangi Mbili na Vita vya Chatini ya Kijani

Nyamazeni kidogo, enyi mlioketi sebuleni na enyi mliosimama mlangoni. Punguzeni redio, wapakateni watoto, na mwenye sufuria mekoni aiepue kabisa, kwa maana haya ninayoyaleta hayasikilizwi huku mtu akikoroga. Mmekwisha kuzisikia habari za wafalme waliobomoa ngome na majemadari waliovuka mito wakiwa na panga menoni. Habari hizo ni njema, nami sizidharau. Lakini ni nani aliyewahi kusimama mbele ya watu akazitangaza habari za mpaka rangi aliyeingia jikoni Jumamosi baada ya adhuhuri, kotimiri mkono wa kuume, ukwaju mkono wa kushoto, asijue hata kisu cha vitunguu hukaa droo gani? Hakuna. Basi leo nitasimama mimi.

Watu walimwita Rangi Mbili, kwa sababu alipokuwa angali mchanga katika kazi alianza kupaka ukumbi wa mtu rangi ya maziwa, kopo likamwishia katikati ya ukuta, naye akaendelea na rangi ya samli akitumaini hakuna atakayeona. Waliona wote. Lakini mwenye nyumba alipendezwa, jirani yake akataka vivyo hivyo, na kijana akatoka pale na jina na riziki. Rangi Mbili, simba wa ngazi ndefu! Rangi Mbili, mfyeka ukungu, mtiisha kuta zenye nyufa! Hapakuwa na dari iliyomtisha wala kona iliyomshinda. Kitu kimoja tu kilimtetemesha chini ya jua, nacho ni ulimi wa mkewe.

Mkewe alikuwa mshonaji wa magauni, na walimwita Mizani, kwa kuwa ulimi wake ulipima chumvi ya mchuzi kama mizani ya dukani inavyopima sukari. Alionja kijiko kimoja tu, akafumba jicho la kushoto, kisha akatoa hukumu isiyo na rufaa. "Kitunguu hiki hakikuiva." "Nyanya hizi zililala." "Huyu aliyekoroga alikuwa amegombana na mtu." Wapishi wa karamu walipomwona akiingia ukumbini na sahani yake, walikonyezana kama walinzi wa boma waliouona mwenge wa adui mlimani. Na Rangi Mbili, aliyekula meza moja naye miaka nenda miaka rudi, aliyasikia malalamiko hayo kila siku iendayo kwa Mungu, akayazoea kama mtu wa kando ya barabara azoeavyo magari.

Hata yalipoingia majira ya mvua na baridi, mafua yakaivamia nyumba ile bila kubisha hodi. Yalimpitia Rangi Mbili kwa juujuu, akapiga chafya zilizotikisa makabati, akapona. Mizani yalimwangusha. Alilala na homa, akakohoa hadi mbavu zikauma; kisha homa ikaondoka, kikohozi nacho kikaondoka, lakini vilipoondoka vilichukua mateka: pua ya Mizani na ulimi wake. Hakusikia harufu ya kitu, wala ladha ya kitu. Chai kwake ikawa maji moto, na chungwa likawa pamba yenye majimaji.

"Vitarudi vyenyewe," daktari alisema. "Vumilia, mama. Ila lazima ule."

Kula ndiko kulikokuwa kazi. Mama yake Mizani alifika na begi lake na mwiko wake mwenyewe, akaliteka jiko siku ya kwanza, akapika supu za kila namna. Mizani alikula vijiko vitatu, akalisukuma bakuli kando, akasema, "Ni chakula." Shingo yake ikawa nyembamba. Cherehani yake ikakaa pembeni imefunikwa kitambaa, kama mtu aliyelala.

Asubuhi moja Rangi Mbili alimkaangia mayai, naye kwa haraka zake akasahau chumvi. Alikumbuka sahani ikiwa tayari mezani. Akasimama karibu na mlango akingojea radi ipige. Mizani alikula nusu, akaweka uma chini, akasema kwa upole, "Asante, mume wangu."

Rangi Mbili akatoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji, na machozi yakamlengalenga. Asante! Mwanamke yule aliyewahi kumrudisha mpishi wa hoteli jikoni mara mbili kwa sababu ya wali, leo anakula mayai yasiyo na chumvi na anashukuru. Ndipo alipotambua kwamba nyumba isiyolalamikiwa ni kama nyumba iliyohamwa, na kwamba yeye, ambaye maisha yake yote aliomba walau siku moja ya kula kwa amani, sasa ameipata amani hiyo na haimshuki kooni.

Ijumaa jioni aliketi karibu naye kwenye kochi.

"Mke wangu," akasema, "lau ungeletewa chochote ulimwenguni, ungetaka nini?"

Mizani aliwaza sana, macho yakiwa kwenye televisheni. "Unamkumbuka yule bibi wa nyumba yetu ya kwanza? Yule Mhindi aliyetupangisha vyumba vya uani?"

"Namkumbuka."

"Ile chatini yake ya kijani, aliyokuwa akitupitishia dirishani pamoja na bhajia za viazi. Na ile nyeusi ya ukwaju." Akatabasamu kidogo, na lilikuwa tabasamu la kwanza tangu mvua zianze. "Nafikiri ile ningeisikia. Ile ilikuwa inakugonga mpaka kisogoni. Lakini ndiyo basi, bibi yuko kwa wanawe huko mbali. Nani wa kunipikia?"

Rangi Mbili akasimama. Kifua kikamjaa, mkono ukapaa hewani kama wa mtu anayeliapia taifa.

"Mimi!" akanguruma. "Mimi niliyepanda ngazi za ghorofa saba pasipo kamba! Mimi niliyeushinda ukungu wa bafu la shule! Naapa mbele yako na mbele ya ukuta huu nilioupaka kwa mkono wangu, kesho kabla jua halijatua, chatini ya kijani itakuwa juu ya meza hii, na ya ukwaju ubavuni mwake, na bhajia za moto zimejipanga kama askari!"

"Sawa," akasema Mizani. "Sogea basi, unanizibia televisheni."

Kutoka jikoni kikasikika kicheko cha Mama Mkwe, kirefu, kikavu, cha mtu aliyezika waume wengi wenye ahadi ilhali alikuwa na mume mmoja tu.

Kulipokucha, Rangi Mbili akatoka uani na simu. Mama Mkwe alikuwa akianika nguo, naye akasogeza kapu lake la nguo karibu ili asipitwe na neno. Shujaa akampigia yule bibi, akaweka sauti ya juu.

"Nani?" bibi akapaza sauti. "Mpaka rangi? Wewe si ndiye uliyekuwa unaanika suruali zenye rangi kwenye kamba yangu nyeupe?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini?"

Akamweleza. Bibi alisikitika, kisha akachangamka kama jemadari mstaafu aliyeulizwa habari za vita vyake. "Haya, sikiliza vizuri. Kotimiri mafungu mawili, majani na vishina laini. Nanaa nusu yake. Pilipili mbichi kiasi, tangawizi kiasi, ndimu kiasi. Saga."

"Kiasi gani, bibi?"

"Kiasi chake."

"Bibi yangu, mimi ni mtu wa rangi. Kopo moja, maji nusu lita, basi. Nipe kipimo nikishike."

"Kipimo ni mkono wako. Mkono hauna akili? Chumvi kidogo tu. Ukwaju uloweke maji ya moto, ukamue, uchemshe na sukari guru na bizari nyembamba mpaka uvutike. Unga wa dengu wa bhajia usiwe mwepesi, ukishike kiazi kama shati lililoloa linavyoshika mgongo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Na jambo moja kubwa, usilisahau. Usisahau kabisa, mwanangu, usisahau hata kidogo ku..." Hapo zikasikika kelele za watoto na mlango ukifunguliwa. "Haa! Wamefika! Ingieni, ingieni! Haya mwanangu, wajukuu hawa, kwaheri!"

Simu ikakatika. Akapiga tena, haikupokewa. Akapiga tena, ikaita mpaka ikachoka.

Rangi Mbili na Mama Mkwe wakatazamana kupitia shuka lililolowa.

"Usisahau ku...," akasema Rangi Mbili polepole. "Ku nini, mama?"

"Kuosha," akasema Mama Mkwe. "Utasahau kuosha majani. Wanaume wote husahau."

"Mbona kuosha si jambo kubwa?"

"Subiri mchanga uingie kwenye jino, ndipo utajua ukubwa wake."

Rangi Mbili akaenda sokoni, akarudi na mafurushi yake, na harufu ya nanaa ikamtangulia mlangoni kama tarumbeta. Lakini katika lango la jiko alimkuta Mama Mkwe amesimama, mwiko mkononi, khanga imefungwa kiunoni barabara.

"Mkwe wangu," akasema, "wewe una kuta zako, mimi nina meko yangu. Niachie hayo majani, nenda kapumzike."

Rangi Mbili akashusha mizigo sakafuni, akainua uso wake kwa adabu na kwa uthabiti.

"Mama," akanena, "wewe ulinipa binti yako akiwa na ulimi wake kamili, nami nimeishi na ulimi huo muda wote huu bila kuushukuru. Sasa umetekwa, nami sitaki kutuma mtu vitani mahali pangu. Niruhusu niingie. Nikishindwa, nicheke mpaka nikuzike."

Mama Mkwe akaushusha mwiko. Akasogea pembeni hatua moja. "Ingia. Ila ukivunja utalipa, ukichafua utafuta." Akavuta kigoda, akaketi kama mwamuzi wa mpira.

Vita vya kwanza vilikuwa vya ukwaju, na humo shujaa alipata ushindi wa haraka uliompa kiburi. Ukwaju ulijikunja ndani ya maji ya moto kama jeshi lililojificha handakini. Akauingilia kwa vidole vyote kumi, akaukamua, mbegu zikamponyoka na kurukia sinki, nyuzi zikamng'ang'ania kucha, lakini hakurudi nyuma mpaka alipoupitisha wote katika chujio. Akauchemsha na sukari guru na bizari nyembamba. Ulipoanza kung'aa, akashangaa kuona kwamba anaujua. Ilikuwa vanishi! Akachota kwa kijiko, akapaka mstari juu ya sahani, akaiinamisha. Mstari haukuchuruzika.

"Umekaa," akatangaza.

Mama Mkwe akachovya kidole, akaonja. "Hm," akasema. Na wanaomjua Mama Mkwe wanajua kwamba "hm" ile haitolewi bure.

Laiti angebaki mnyenyekevu! Lakini ushindi ni kama pombe ya asubuhi. Aliyasafisha majani ya kotimiri mara tatu, akayakatakata, akayajaza katika blenda pamoja na nanaa na pilipili na tangawizi na maji ya ndimu, akashindilia mpaka majani yakatokeza juu kama nywele za mtu aliyeamka. Akaweka kifuniko. Aliweka, nasema, hakukibana. Kisha akabonyeza kitufe, tena si kile cha taratibu, bali kile cha mwisho kabisa.

Enyi mlioona volkano katika picha, kaeni kimya. Blenda ilinguruma, ikatetemeka, kifuniko kikapaa mpaka darini, na mnara wa kijani ukasimama katikati ya jiko kwa kitambo cha pumzi moja, kisha ukaanguka pande zote. Ukaangukia friji. Ukaangukia kalenda. Ukaangukia nyusi za Rangi Mbili na khanga ya Mama Mkwe. Na ukuta, ule ukuta mweupe wa maziwa ulioangaliana na dirisha, ambao alikuwa ameupaka mikono mitatu ya rangi na kuupitishia msasa kati ya mkono na mkono, ukawa kama shamba baada ya mvua.

Akachomoa waya. Tone likadondoka kutoka kwenye taa.

"Kuna nini huko?" Mizani akauliza kutoka sebuleni.

"Hakuna kitu!" wakajibu wote wawili, Rangi Mbili na Mama Mkwe, kwa sauti moja, na kuanzia hapo wakawa upande mmoja wa vita.

Mama Mkwe akajifuta shavu, akanong'ona, "Kufunika. Bibi alikuwa anasema usisahau kufunika."

Rangi Mbili alikuwa akichungulia ndani ya blenda kama mtu anayechungulia kisima wakati wa kiangazi. Nusu ilibaki. Akakibana kifuniko kwa mikono miwili, akasaga taratibu, na iliyobaki ikawa laini, nzito, ya kijani ambayo hakuna kiwanda cha rangi kilichowahi kuipatia jina. Ilijaza bakuli dogo moja. Akalitazama bakuli hilo kwa upendo na kwa hofu.

"Hapana, mama," akasema. "Bibi yule ana akili. Kufunika blenda si jambo la kumwambia mtu mzima."

Mama Mkwe akautazama ukuta.

"Ni jambo kubwa, alisema. Usisahau hata kidogo. Nadhani alikuwa anasisitiza kutia chumvi. Chakula chote kinasimama juu ya chumvi."

"Inawezekana," Mama Mkwe akakiri. "Chatini isiyo na chumvi ni majani ya mbuzi."

Basi Rangi Mbili akatia chumvi, akakoroga. Kisha akageukia bhajia, akamenya viazi, akavikata vipande vyembamba kama sarafu, akakoroga unga wa dengu na binzari na pilipili. Na wakati amempa mgongo, Mama Mkwe akalitupia jicho lile bakuli. Alikuwa akifuta khanga yake sinkini chumvi ilipotiwa, hakuona. Akawaza moyoni: mwanamume huyu amesahau kubana kifuniko, atashindwaje kusahau chumvi? Nikimwuliza atadhani namdharau. Akachota, akatia, akakoroga, akarudi kwenye kigoda chake na uso wa mtu aliyetenda wema gizani.

Mafuta nayo hayakukubali kushindwa kirahisi. Kikosi cha kwanza cha bhajia kiliingia karai likiwa bado vuguvugu, kikazama, kikanywa mafuta, kikatoka kimelegea kama soksi. "Mafuta hayajakasirika," akasema Mama Mkwe. "Dondosha tone la unga. Likipanda juu likiimba, ndipo uingize." Akadondosha, tone likapanda likiimba. Kikosi cha pili kikaingia kwa kishindo, unga ukaumuka, kingo zikawa za dhahabu, na moja baada ya nyingine zikaelea juu. Akazitoa, akazipanga. Sahani ikapendeza macho. Rangi Mbili, aliyekuwa na unga kwenye ndevu na kijani kwenye nyusi, akaijongeza sahani katikati ya meza, bakuli jeusi huku, bakuli la kijani huku, akarudi nyuma kama afanyavyo mbele ya ukuta uliokamilika.

Simu ikalia. Alikuwa bibi.

"Mwanangu, samahani, wajukuu hawa hawaachi mtu aseme. Imekuwaje?"

"Bibi, imekwisha, iko mezani! Na lile jambo kubwa hatukulisahau."

"Umekwisha kumsalimia?"

"Kumsalimia nani?"

"Mkeo! Nilikwambia usisahau kabisa kumsalimia mkeo. Mwambie namwombea. Nampenda sana yule mtoto, ingawa alisema kachori zangu zina kitunguu kingi."

Rangi Mbili akaligeukia bakuli la kijani. "Si chumvi, bibi?"

"Chumvi nilikwambia kidogo tu. Mbona, umetia nyingi?"

"Hapana, bibi. Nilitia kijiko kimoja tu, tena..." Akanyamaza, kwa sababu alimwona Mama Mkwe akishika mdomo kwa mkono.

"Wewe ulitia?" akanong'ona Mama Mkwe.

"Nilitia. Kwani, mama, wewe nawe...?"

"Kilichojaa," akasema Mama Mkwe kwa sauti ndogo.

Rangi Mbili akamuaga bibi kwa heshima, akazima simu, akachovya ncha ya kidole katika lile bakuli la kijani. Mdomo ukamkunjamana kama mfuko uliovutwa kamba. Mama Mkwe naye akaonja, akafumba macho. Kotimiri nyingine haikuwapo, ila ile iliyokuwa ukutani. Wakautazama ukuta kwa muda, wote wawili.

"Hapana," akasema Mama Mkwe.

"Hapana," akakubali Rangi Mbili.

Wakaongeza ndimu, chatini ikawa na chumvi na ukali. Wakatia kipande cha sukari guru, haikusikia dawa.

"Tumpelekee ya ukwaju peke yake," akasema Mama Mkwe. Sauti yake haikuwa ya mwamuzi tena. "Tuseme hii iliungua."

"Chatini mbichi huungua vipi, mama?"

"Basi sijui, mwanangu." Na hapo ndipo Rangi Mbili alipoona kwamba mwanamke yule naye anaogopa, kwamba zile supu zote, kila bakuli lililorudi limejaa, lilikuwa limemchoma mahali. Siku zote hizo alidhani anamcheka. Kumbe alikuwa akicheka ili asilie.

"Njaa yenyewe imenisahau," Mizani akaita kutoka sebuleni, kwa uvivu. "Mtaleta leo, au niende zangu kulala?"

Rangi Mbili akainua sinia. Enyi mashujaa wa kale, mliokwenda vitani mkijua kwamba ngao imetoboka, shukeni mtembee naye! Maana alitoka jikoni pole pole, mgongo umenyooka, na Mama Mkwe akimfuata nyuma akiwa ameshika leso, na wakafika sebuleni, na sinia likatua juu ya meza.

"Bibi anakusalimia sana," akasema. "Na kabla hujaonja, mke wangu, ninataka kukwambia kwamba chatini hii ina..."

Lakini Mizani alikwisha kuchukua bhajia. Akaivunja, akaichovya katika ile ya kijani hadi kwenye vidole, akaitia kinywani. Akatafuna. Uso wake ulikuwa uleule wa tangu homa, bapa, wenye subira. Akatafuna zaidi. Rangi Mbili akatazama sakafu.

Kisha taya likasimama.

Mizani akachukua bhajia nyingine. Akachovya tena, safari hii taratibu, akaiweka juu ya ulimi bila kuitafuna. Jicho la kushoto likafumba.

"Chumvi," akasema.

"Nini?" wakauliza wote.

"Chumvi imezidi." Sauti ilimtoka kama mtu anayesoma kibao kwa mbali. Kisha ikapanda. "Chumvi imezidi! Nani katia chumvi namna hii? Hii haikutiwa na mtu mmoja. Hii ni mikono miwili, tena hamkuulizana! Mama, ulikuwa wapi? Na wewe, ndimu yote hii ni ya kuficha nini? Kotimiri bado siisikii, lakini chumvi, ole wangu, chumvi naisikia mpaka kwenye meno!"

Mama Mkwe akakaa chini palepale, juu ya zulia, akacheka na kulia kwa wakati mmoja, akijipangusa kwa leso iliyojaa unga wa dengu. Rangi Mbili hakucheka wala hakulia. Alisimama tu, mikono imening'inia, mdomo wazi, kama mtu aliyepanda ngazi maisha yake yote na leo amefika darini.

"Endelea," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Niambie tena, mke wangu."

"Nikuambie nini? Bhajia hizi mbili zimekunywa mafuta, ni za kwanza hizi, ulitakiwa uzile mwenyewe. Hii nyingine ni nzuri. Hii nayo kiazi kinene." Alikuwa akila huku akisema, na mikono haikutulia. Alichovya ile ya ukwaju, akafumba jicho tena. "Hii sijaisikia sawasawa. Kuna kitu kitamu kwa mbali. Umeipika wewe?"

"Mimi."

"Hm," akasema Mizani, kwa sauti ya mama yake kabisa.

Sahani ikaisha. Kisha Mizani, aliyekuwa hajaenda jikoni tangu homa, akainuka mwenyewe akaenda kutafuta maji ya kunywa. Wakamfuata mbio, wakachelewa. Alikuwa amesimama mlangoni, glasi mkononi, akiutazama ukuta, na friji, na kalenda, na tone jingine lililokuwa likijiandaa kwenye taa. Akapanua mdomo, na hukumu ikaanza kutoka, kwa utaratibu, kuanzia darini.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na ninyi msio na kalamu shikeni vichwani. Wakija watu wa vizazi vitakavyokuja wakauliza ni ushindi gani mkubwa uliopatikana katika mvua zile, msiwatajie ngome wala mito. Waambieni palikuwa na mpaka rangi aliyepika chatini ya chumvi tele. Na kwamba siku ile mkewe alilalamika kuanzia alasiri hadi taa zilipowashwa, kuhusu ukuta, kuhusu mafuta, kuhusu vifuniko na wasiobana vifuniko. Naye mumewe akavuta kigoda, akaketi miguuni pake, akasikiliza neno kwa neno, na kila mkewe alipotaka kunyamaza, akamwomba aendelee.